Upondo wa Matope na Upondo wa Watu

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasema. Hayo yatasomwa siku ya kumzika, tena yatasomwa vizuri, kwa sababu amekwisha kumfundisha atakayeyasoma. Mimi nitaeleza alivyochagua mti wa kusukumia mashua. Ukimjua hapo, umemjua kote.

Tulimwita Mwindaji. Jina hilo alijipa mwenyewe, na watu wa upande wetu wa Tongaren ni wapole, hawamnyimi mtu jina analolitaka. Aliwinda bata, wale wa mwituni wanaoshuka bwawani mahindi yakishavunwa na punje kubaki mashambani. Siku hizi ukikutwa na bata mwitu mkononi utajieleza kwa watu wa wanyamapori. Siku zile hakuna aliyeuliza. Bwawa liliachwa na mzungu aliyekuwa na shamba kabla ya watu kugawiwa ardhi, na mashua iliachwa na mzungu huyohuyo: bapa, pana, kama hori la kulishia ng'ombe. Kila mwaka Mwindaji aliipaka rangi ya kijani kibichi, lakini upande mmoja tu, ule uliotazama barabara.

Msukumaji wa mashua hiyo nilikuwa mimi.

Bwawa lile lilijaa matete na magugu, kwa hiyo kasia halikufaa. Lingenaswa kabla hujalivuta mara ya pili. Unasimama nyuma ya mashua na mti mrefu. Unauchomeka hadi chini, unajisukuma, mashua inateleza, unauchomoa, unaanza tena. Sisi tuliuita mti wa mashua. Mwindaji aliuita upondo. Alisema neno hilo alilipata Mombasa, na alilitamka kama mtu anayeonyesha saa mpya. Baadaye nilikuja kujua kwamba Mombasa alikwenda mara moja, kwa mazishi, na hakuteremka baharini. Lakini neno lilikuwa sahihi, na mimi nimelizoea, kwa hiyo nitalitumia.

Yeye alikaa mbele, wavu magotini, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni hata kama hakuna wingu. Tulitega wavu kwenye mwanya wa matete, kisha tukazunguka na mashua taratibu kutoka upande wa pili. Asubuhi ya ukungu bata hapendi kuruka. Huogelea tu kuikimbia mashua, anapita mwanyani, ananaswa. Kazi yote ni kusukuma bila kelele. Kazi ya Mwindaji ilikuwa kuinua mkono kuniashiria kushoto au kulia, na kila mara aliuinua nikiwa nimekwisha kugeuza.

Mtu atauliza, kama nilimdharau hivyo, kwa nini nilimsukuma miaka yote ile? Nitaeleza, maana bila hilo hayo mengine ni porojo.

Baba alikufa nikiwa darasa la saba. Mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Ulikuwa ugonjwa ule ambao watu hawakuutaja kwa mdomo, waliutaja kwa nyusi. Tulibaki watatu: mimi, Nekesa anayenifuata, na Simiyu, kitinda mimba. Shule niliacha, maana jembe halishikwi na watoto wa umri wa Nekesa na Simiyu. Kulima niliweza. Kupika tulijifunza. Jambo moja tu nisingeweza kulilima wala kulipika, nalo ni siku ya Simiyu kutahiriwa.

Kwetu mvulana hutoka mtoni alfajiri, amepakwa matope mwili mzima, watu wanamwimbia njia nzima hadi kwao. Akifika uwanjani kwa baba yake, lazima amkute mwanamume amesimama: baba, au mtu wa kushika nafasi ya baba. Mvulana humkazia macho yule, hamtazami mwenye kisu. Kama hakuna aliyesimama, kisu hakingoji, na nyimbo haziachi kuimbwa. Lakini kijana atatembea na jambo hilo maisha yake yote, na kila ugomvi wa kilabuni utaanzia hapo: wewe ulisimamiwa na nani? Mjomba wetu alikuwepo, kule Bumula, ila mjomba ni wa upande wa mama na ana kazi yake, ya kumchinjia kijana na kumvisha nyama shingoni. Uwanja wa baba si wake. Ndugu pekee wa baba alikwenda Uganda na hakurudi.

Basi siku ya kumzika mama, Mwindaji alisimama mbele ya waombolezaji wote, akamshika Simiyu kichwani. "Huyu mdogo," alisema, na sauti ilifika hadi kwa waliokuwa wakiosha sufuria, "siku yake ikifika, mimi nitasimama. Mnanisikia? Mimi." Wanawake wakalia upya. Mchungaji akasema amina. Watu walipoanza kutawanyika, akaja akaniambia kwa sauti ndogo, "Na wewe utanisukumia mashua."

Nilikubali. Nilidhani ni biashara ya haki.

Uchaguzi wa upondo ulifanyika Agosti, mvua zikielekea kupungua, ili mti upate kukauka kivulini hadi bata waje mwishoni mwa mwaka. Hakwenda kimyakimya. Alipitia sokoni, akasimama kwa huyu na yule, akisema, "Naenda kutafuta upondo," na hadi tunafika msituni tulikuwa na msafara nyuma yetu, watu wasio na kazi na mbwa wao.

Na hapo lazima niseme ukweli, kwa sababu dharau isiyo na ukweli ni wivu tu. Alijua miti. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Huu una ufa ndani," na ukiupasua, ufa huo hapo. Alinusa mahali palipokatwa. Aliulaza mti kwenye nyasi, akauviringisha kwa mguu, akatazama unavyokwenda, maana mti uliopinda hauviringiki sawa. Bulugamu, alisema, ni mzito na ukikauka unapasuka na kukuchoma viganja. Saipras ni mwepesi ila kwenye kila kifundo cha tawi kuna mahali pa kuvunjikia. Mwanzi wa mlimani ndio mtamu mkononi, lakini ukiukata mchanga utakulilia katikati ya maji. Alikuwa na msemo: "Mti uchague umelala. Ukisimama, kila mti ni mzuri." Leo mimi nina uwanja wa kuuza miti ya kujengea pale Kitale, na msemo huo nawaambia wateja kila wiki. Siwaambii ni wa nani. Yeye mwenyewe maisha yake yote sikumwona amelala. Alikuwa amesimama tu.

Matope pia aliyajua. Siku moja, tukiwa wawili peke yetu, alinionyesha korongo amesimama pembeni. "Tazama mguu wake. Mungu hakumpa kijiti. Amempa panda." Akanieleza kwamba chini ya bwawa lile ni matope laini kama ugali ambao haujaiva. Mti wenye ncha moja unazama, matope yanaunyonya, kuuchomoa ni vita. Unataka mti ulioishia kwa panda, matawi mawili yaliyoachana upana wa kiganja, ili ukae juu ya matope usizame. Alieleza vizuri kiasi kwamba wiki ileile nilitafuta mti wa namna hiyo, nikauchonga, nikaupeleka bwawani nikiwa na furaha.

Tatizo ni kwamba mti mrefu wenye panda, kwetu, una kazi moja inayojulikana na kila mtu. Wanawake huutumia kuegemezea mgomba wenye mkungu mzito usije ukaanguka.

Ukingoni siku hiyo alikuwepo dalali mmoja wa mahindi, mtu wa Moi's Bridge, mdomo mrefu kuliko barabara ya Eldoret. Aliuona mti begani mwangu.

"Mwindaji!" akaita. "Sasa leo ni kuwinda ama ni kuegemezea mama ndizi?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua akasema, "Alete tu kwangu, bana, mkungu wangu umeinama." Wakacheka zaidi.

Mwindaji naye akacheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha akauchukua ule mti begani mwangu, akampelekea yule mama, akampa kwa mikono miwili kama zawadi ya kanisani. "Kijana ameniletea mti wa jikoni," akasema. "Hajui. Ni yatima, hakuna wa kumfundisha."

Kuanzia hapo ilikuwa ni miti iliyonyooka tu. Aliikwangua kwa kipande cha chupa hadi ikang'aa, akaipaka mafuta ya mtoto. Ilikuwa mizuri kweli. Ungeweza kuibeba katika maandamano.

Upondo wa kwanza wa namna hiyo ulinifanya nipate umaarufu. Nilisukuma kwa nguvu kwenye kilindi cha katikati, mti ukazama, nikauvuta, ukakataa. Mashua haikungoja. Iliendelea kuteleza na Mwindaji ndani yake, nami nikabaki nimeukumbatia mti kama ngedere, miguu juu ya maji.

"Rudisha mashua!" nikamwambia.

"Niirudishe na nini? Mti si unao wewe?"

"Piga maji kwa mkono, Mzee!"

"Mimi? Mbele ya watu?"

Maana ukungu ulikuwa umeinuka, na ukingoni walikuwa wamefika wachotaji maji. Mti ukaanza kuinama polepole, na mimi pamoja nao, hadi nikaingia majini hadi shingo. Niliogelea kwa kuvuta magugu, nikaifikia mashua, nikaisukuma kwa kifua hadi kando. Yeye alishuka mkavu, akawaambia waliokuwepo, "Vijana wa siku hizi hawajui kusukuma." Upondo wake ulibaki katikati ya bwawa umesimama wima, unang'aa, kwa majuma, na ndege wakauchafua.

Nilifikiri atajifunza. Alijifunza, lakini kwa njia yake. Alinijia nyumbani, akachungulia kwanza kama kuna mtu njiani, akasema, "Ule mti wako wa panda. Kata mwingine. Uufiche kwenye matete." Hivyo ndivyo tulivyowinda miaka iliyobaki. Tuliondoka ukingoni kwa upondo uliong'aa, mimi nikisukuma kwa adabu kwenye maji madogo, watu wakitazama. Tukiingia kwenye matete, naulaza ule, nauchukua ule wa panda, na kazi inaanza. Tukirudi, kabla ya kuonekana, alinong'ona bila kugeuka, "Badilisha." Nabadilisha. Nilikuwa na upondo wa matope na upondo wa watu. Bata wote walioliwa upande ule waliletwa na mti wa kuegemezea ndizi, na sifa zote zilikwenda kwa ule wa mafuta.

Bata wenyewe hakula hata mmoja. Alisema wananuka tope. Aliwagawa: mmoja kwa chifu, mmoja kwa mchungaji, mmoja kwa mwalimu mkuu. Aliwafunga miguu, akawaning'iniza kwenye ule upondo mzuri, akaubeba begani kupitia barabara kuu, ingawa njia ya mkato kwenda kwa mchungaji ipo na ni fupi. Kwetu hakuleta. Nekesa alisema, "Kama anataka kupita njia ndefu, si apitie basi hapa kwetu ndio ndefu zaidi." Alikuwa na ulimi, Nekesa, na bado anao.

Mkewe naye alikuwa na ulimi, ila wa chinichini. Siku moja nilimkuta akikamua, akaniuliza mumewe yuko wapi. Nikamwambia yuko barabarani na bata. "Huyo," akasema, bila kuacha kukamua, "akifa tutamzika kando ya lami. Ndani ya shamba hatalala."

Usidhani alikuwa mchoyo au mkatili. Ingekuwa rahisi. Kuna jambo moja ambalo hadi leo sijui niliweke wapi. Nekesa alipougua malaria hadi akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, ilikuwa mvua kubwa na dawa zahanati hazikuwepo. Mwindaji alikwenda Moi's Bridge kwa miguu, akarudi amelowa kama jogoo, dawa ameifunga kwenye karatasi ya nailoni ndani ya kofia. Akamnywesha mwenyewe. Aliketi chini, sakafuni kwetu, hadi jasho likamtoka msichana. Hakumwambia mtu. Jumapili yake nikamshukuru nje ya kanisa, mbele ya watu. Uso wake ukabadilika. Akanivuta kando. "Nani alikutuma useme? Unataka waulize nilikuwa natafuta nini nyumba ile?"

Nyumba ile. Alikuwa amekaa ndani yake, ameshika kichwa cha dada yangu, na bado ilikuwa nyumba ile.

Ningekuwa mwerevu ningejua hapo. Lakini nilikuwa na umri mdogo na nilikuwa na ahadi, na ahadi iliyotolewa kaburini mbele ya mchungaji nilidhani ni mti uliolala, umeshapimwa.

Mwaka wa Simiyu ukafika. Tulitengeneza pombe ya busaa, majirani wakasaidia, kijana akazunguka na njuga zake kualika jamaa. Akaenda Bumula kwa mjomba, akarudi na nyama shingoni, amekonda kwa kucheza, macho yanawaka. Kila aliyemuuliza, "Nani atakusimamia?" alimjibu, "Mwindaji." Alilisema kwa fahari. Alikuwa amesikia ahadi ile akiwa mdogo na aliibeba kama mtu anavyobeba hati ya shamba.

Mchana wa kuamkia siku yenyewe, Mwindaji alipita kwetu, kofia kichwani, panga mkononi.

"Nimesikia kuna mwanzi mzuri upande wa mlimani, juu ya Kitale," akaniambia. "Naenda kuuona kabla mwingine hajaukata."

"Mzee, kesho alfajiri ndiyo siku."

"Si najua? Jogoo hatawika kabla sijarudi. Wewe nishikie tu mahali pangu."

Alfajiri sisi tulikuwa uwanjani. Umande ulikuwa mwingi. Mahali pake nilipafagia mwenyewe, mbele ya mlango wa baba. Nyimbo zilianza kusikika kutoka mtoni, mbali, halafu karibu, halafu kwenye kona ya shule. Jogoo walikuwa wamewika hadi wakachoka. Nilitazama barabara. Nekesa alikuwa amesimama kwenye kizingiti, maana wanawake hukaa upande wao. Akaniambia bila kupaza sauti, "Kaka, usitazame huko tena. Simama wewe."

Nilikuwa bado kijana. Ndevu zilikuwa ahadi. Mwenye kisu aliponiona nimeingia pale mahali aliinua uso kidogo, kama mtu aliyepewa chenji isiyotosha, kisha akaushusha. Simiyu akaingia mbio, matope kutoka utosini hadi vidoleni, meupe yake ni macho tu. Niliona macho yale yakimtafuta mtu mwingine. Yakapita juu ya kichwa changu, yakaenda kulia, yakaenda kushoto. Nikamwita jina lake la utotoni, ambalo ni mama tu aliyelitumia. Yakarudi kwangu. Hayakutoka tena. Hakupepesa hata mara moja, na filimbi ikapigwa kutangaza kwamba kisu kimemaliza.

Mwindaji alionekana kama saa sita mchana, mwanzi begani. Alisema gari liliharibika. Alisema barabara ilikuwa na tope. Alimshika Simiyu mkono, akamwambia mbele ya wageni, "Nilijua hutaniaibisha." Mwanzi wenyewe ulikuwa mchanga, hata mimi niliuona ulivyo kijani. Mtu anayejua miti kama yeye asingeukata mwanzi ule kama angekuwa kweli alikwenda kwa ajili ya mwanzi.

Sababu nilipewa na yule dalali wa mahindi, kwa furaha, kama kichekesho. Siku ya soko kabla ya tohara alimwambia Mwindaji mbele ya watu, "Ati sasa wewe ndio baba wa wale? Angalia usirithi na ugonjwa." Watu wakacheka. Mwindaji akacheka kuliko wote. Wakati ananisimulia, dalali aliniuliza kwa nini mimi sicheki.

Nilichukua ule upondo uliong'aa, nikauegemeza ukutani kwa Mwindaji, upande wa barabarani. Nilimwambia mkewe, "Mwambie nimeleta mti wake." Sikumsukuma tena. Alipata vijana wengine, na kila mmoja aliachwa juu ya mti katikati ya bwawa kwa zamu yake, maana siri ya panda hangeweza kuwaambia. Bwawa likajaa udongo, bata wakahamia kwingine, mashua ikageuka hori kweli, ng'ombe wakala chumvi ndani yake. Nilisikia hayo nikiwa tayari Kitale. Nekesa aliolewa Bungoma, ana duka la vitambaa. Simiyu ni fundi wa magari. Akiulizwa kilabuni alisimamiwa na nani, anasema, "Kaka yangu," na kama kuna anayetaka kuongeza neno, anaweka glasi chini kwanza.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Agosti, Mwindaji aliingia kwenye uwanja wangu wa miti.

Alikuwa na mkongojo, na koti la mvua lilelile au ndugu yake. Wateja walikuwepo, wajenzi wawili na mama mmoja anayetaka nguzo za boma. Hakunisalimu moja kwa moja. Alianza kwa kugonga miti. Aligonga huu, akatikisa kichwa. Akagonga ule, akasema kwa sauti, "Mti uchague umelala!" na wajenzi wakamtazama kwa heshima, maana waliwahi kuusikia kwangu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Sauti ya kugonga ilitoka mara mbili kwa kila kugonga.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, kijana wangu. Nataka upondo." Akacheka. Kisha akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya rundo la saipras, mahali wateja hawaoni.

"Kuna mtoto wa binti yangu," akasema. "Baba yake alikimbia. Anaingia mwaka huu, na atatahiriwa kwangu. Pale nyumbani hakuna mwanamume."

"Wewe upo."

Alinyoosha mkono mbele yangu niuone unavyocheza. "Miguu ni hivihivi. Mtoto akiniona natetemeka, naye atatetemeka." Ni maneno ya kweli, na aliyasema bila kupamba, na kwa muda mfupi nilimwona yule mtu aliyekaa sakafuni kwetu na dawa kofiani. "Nataka usimame wewe. Siku ile ya Simiyu ulisimama vizuri sana. Hukutikisika. Ulimwita jina dogo, akatulia."

Jina lile nililiita kwa sauti ndogo. Lisingeweza kusikika barabarani, wala Kitale.

"Nani alikuambia nilimwita jina?"

Alitazama mkongojo wake. "Nilikuwa nimerudi. Jogoo wa kwanza nilikuwa nimefika. Nilikaa kwenye migomba yenu, nyuma ya nyumba. Nilikuwa naangalia ni nani wamekuja. Yule dalali alikuwa amekuja."

Mama mteja akaita kutoka upande wa pili kuuliza bei ya nguzo. Nikamwambia nakuja. Nilikuwa na maneno mengi, niliyakusanya miaka mingi, na mengine yalikuwa mazuri kwelikweli. Niliyatazama yote, sikuona linalomfaa mtu aliyejificha migombani kumwogopa dalali wa mahindi.

"Mtoto mwenyewe anasemaje akialika watu?" nikauliza. "Akiulizwa nani atamsimamia, anajibu nini?"

"Anasema, Kuka ametafuta mtu." Kuka kwetu ni babu.

"Nitakuja," nikasema.

Akapumua. Akanipigapiga bega. Halafu akasogea karibu zaidi, akashusha sauti hadi ile ya kwenye matete, ile ya kusema badilisha. "Ila uje mapema, kabla watu hawajajaa. Na upitie nyuma, kwenye migomba. Utokee tu pale mahali. Unajua watu. Wataanza kuuliza, yule si wa nyumba ile?"

Tulitoka nyuma ya rundo, na mbele ya wajenzi sauti yake ikarudi kuwa kubwa. Alisema miti yangu si mibaya, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha. Hilo la pili ni kweli.

Siku ilipofika nilifika Tongaren kukiwa bado kijivu. Nilimchukua Simiyu, na Nekesa alikuwa amekuja kutoka Bungoma, amevaa kitambaa chake kizuri kuliko vyote dukani. Njia ya migombani kwa Mwindaji ilikuwa palepale, imekanyagwa, nyembamba, miti ya panda imeegemezwa kwenye mikungu pande zote mbili. Tuliipita. Tukazunguka hadi barabarani, tukaingia kwa lango kubwa, katikati ya watu, tukiwasalimu mmojammoja kwa majina, hata dalali, ambaye sasa hana meno ya kuchekea.

"Huyo si yule wa—" mtu akaanza.

"Ndiye," Nekesa akamjibu. "Amekuja kusimama."

Nilikwenda mbele ya mlango, nikasimama. Mwindaji alikuwa kwenye kiti, blanketi mabegani, mkongojo katikati ya magoti. Nyimbo zikapanda kutoka mtoni. Kijana akaingia mbio, matope mwili mzima, macho yanatafuta, na yaliponipata yakatulia. Alinitazama mimi. Babu yake, hatua chache kutoka pale, alikuwa amewageukia watu, akiwatazama wanavyotutazama.